Mdomo wa Bidoni

"Hii bidoni ya nani? Aseme."

Mtu yeyote aliyewahi kuchota maji katika kartie, mtaa wetu hapa Uvira, anaisikia sauti hiyo hata nikiiandika tu. Ni sauti nene, imekaushwa na vumbi, haina haraka. Mwenye sauti tunamwita Mama wa Robine. Jina la ubatizo analo, lakini sitaliandika. Jina lake limeshachezewa vya kutosha ndani ya simu za watu, na mmoja wa waliolichezea ni mimi.

Robine ni bomba la maji la kartie nzima. Liko kwenye kona, chini ya mlima, pale njia inapoanza kushuka kwenda ziwani. Ufunguo wake ulikaa kwenye ncha ya kitenge cha Mama huyu, umefungwa fundo, na fundo lile sikuwahi kuliona limelegea. Jua likichomoza alikuwa pale, na kigoda chake, na fimbo ndogo ya kuonyesha mstari. Kupiga hakupiga mtu.

Wanaosoma mbali wajue jinsi tunavyopanga mstari. Mtu hasimami mwenyewe. Nani ana muda? Unaleta bidoni yako, dumu la njano, unaiweka nyuma ya bidoni ya mwenzako, unakwenda zako kufua ao kupalilia. Bidoni inakusimamia. Sasa bidoni ikionekana imeruka mahali pake, watu wanapiga kelele: "Pindua! Pindua!" Ikipinduliwa mdomo chini, mwenyewe anajua ameshahukumiwa, aende nyuma kabisa. Kwetu ni aibu. Nimeona mtu mzima na koti lake la ofisi anabeba bidoni iliyopinduliwa bila kuinua macho.

Kupindua ilikuwa kazi ya Mama wa Robine peke yake, na hakupindua kamwe kabla mwenyewe hajafika. Aliweka kiganja juu ya bidoni, akauliza swali lake, akangoja.

"Mama, pindua tu! Siye wote tumeona!"

"Mumeona bidoni. Muntu mumemuona?"

"Bidoni si inajisema yenyewe?"

"Bidoni haina mudomo."

Mcheshi mmoja akadakia, "Aa Mama! Na ule mudomo wa pale juu ni wa nani?"

"Ule ni wa kunywa. Wa kusema haina. Mungoje mwenyewe."

Siku moja walipigia kelele bidoni yenye kamba nyekundu. Ilikuwa ya tatu, na kila mtu aliapa iliwekwa ya mwisho. Nilikuwa napita na Fuso yangu, nimebeba mpunga wa Luberizi, na bidoni zimejaa njiani. Nikatoa kichwa dirishani, nikamwambia, "Mama, pindua tuendelee, unapoteza saa za watu." Akaniangalia kama anaangalia mbuzi aliyeingia kanisani.

"Muzee ya Fuso, saa ni ya watu wote. Jina ni ya muntu mumoja."

Mwenye kamba nyekundu alikuja baadaye sana, mama mjamzito, anatembea anashika kiuno. Kumbe asubuhi pikipiki ilikuwa imegonga mstari, bidoni zikaanguka, na mpita njia mwenye huruma akazipanga upya alivyoweza, ile ya kamba akaiweka ya mwisho, mpaka jirani yake mstarini akairudisha. Yeye alikuwa wa tatu tangu mwanzo. Waliopiga kelele wakaanza kuangalia mlima.

Mimi sikujifunza kitu siku ile. Nilipiga honi, nikapita.

Niseme kidogo mimi ni nani, ili mujue uzito wa kosa langu. Shule niliiacha darasa la tatu. Nilisukuma mkokoteni wa mpunga kwa mikono hii, nikapata mashini ya kukoboa, nikapata lori, nikapata la pili. Hakuna aliyenishika mkono. Wakati wa vita nilikimbilia Kigoma, nikakaa miaka, na nikarudi na Kiswahili cha kule. Nikisema "nimenunua", "mimi", "wewe", watu wa hapa, wenye "minye" na "weye" yao, wananiita radio. Nilipenda kuitwa hivyo. Aliyenicheka bila kuficha ni Mama wa Robine peke yake. Alinijua tangu mkokoteni. Nikimsalimu "Hujambo, Mama," anajibu, "Sijambo, radio. Habari za saa moja?" Mstari mzima unaanguka kwa kicheko.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyolingana. Alilinda maji maisha yake yote, lakini ziwa aliliogopa. Nyumba yake inaliona Tanganyika kila asubuhi, na mguu wake haukuwahi kulowa pale. Samaki alikula, ndagala alipenda kuliko nyama, lakini wavuvi walipomwambia apande mtumbwi hata dakika moja alisema, "Maji yasiyo na robine, nitayafunga na nini?"

Maji ya bomba lake mwenyewe hakunywa. Alikunywa chai tu, nyeusi, sukari ya kutosha kumnyamazisha mtoto mchanga. Kanisani aliimba kwaya kwa nguvu na nje ya njia, na kiongozi wa kwaya alimpanga karibu na ngoma makusudi. Simu za watu alizichukia mstarini, "mutatia simu mu maji ao maji mu simu", lakini yeye mwenyewe alikuwa na kasimu kadogo ka vitufe, alikafunga kwa mpira, na aliongea nako kwa kelele hata Burundi ng'ambo ya maji walimsikia.

Alipenda kusema, "Maji haina mujomba." Maana yake, usinijie na undugu. Padri alipanga mstari. Shefu wa kartie alipanga mstari. Bidoni ya mke wangu, mke wa mtu mwenye malori mawili, ilipanga mstari nyuma ya bidoni ya muuza mahindi ya kuchoma. Lakini kulikuwa na mwendawazimu mmoja aliyekuja na kopo la nyanya, na huyo alijaziwa wa kwanza kila siku. Nikamwuliza siku moja kwa hasira, na sheria yako iko wapi? Akasema, "Sheria ni ya bidoni. Huyu ana kopo."

Umbea aliukataza mstarini, na habari zote za kartie alizijua. Sijui alizipataje. Alizikalia tu, kama kuku anavyokalia mayai, na hakuna hata moja niliyoiona imeanguliwa.

Sasa niseme yaliyotokea.

Ziwa lilipanda. Wale wa chini waliamka godoro linaelea. Familia nyingi zikapanda huku kwetu, zikalala katika madarasa na kwenye varanda za watu. Tuliambiwa msaada wa mabashi unakuja. Mabashi ni maturubai, ya kufunika vibanda. Tulingoja. Mvua haikungoja. Watu wakaanza kusema msaada umeliwa njiani, na kila mtu akatafuta meno ya kuhesabu.

Asubuhi moja tukaona mabashi ya bluu juu ya vibanda vya wajane na wenye watoto wachanga. Siyo kwa wote, kwa wachache. Yametoka wapi? Mama wa Robine ndiye aliyeyagawa, bila kupiga ngoma, bila kupiga picha.

Katika kartie kuna mtu mmoja tunamwita Bwana Mikro. Siyo kijana, ana mvi kunizidi. Alikaa Nairobi muda mrefu, akarudi na mikrofoni yenye sponji, akafungua ukurasa wa Facebook, akajiita mwandishi wa habari. Alimfuata Mama pale robine, akamwuliza kuhusu mabashi. Mama aliongea kirefu, kama kawaida yake. Bwana Mikro akakata, akabakiza mkia. Nimeusikia mkia ule mara nyingi kuliko sala:

"Ni minye nikauza mabashi. Shefu anajua."

Juu ya picha yake, na ufunguo unaonekana kwenye ncha ya kitenge, aliandika kwa herufi kubwa: AMEKIRI MWENYEWE.

Video ilinifikia nikiwa Kamanyola, napakia. Nikasikia "nikauza mabashi". Nikasikia kwa sikio langu la Kigoma. Damu ikanipanda. Mabashi ya watu waliolala majini! Nina grupe ya WhatsApp ya madereva na wenye mpunga wote, kuanzia Kamanyola, Kiringye, Luberizi mpaka Uvira. Nikaituma kule. Ingekuwa nimeituma tu, labda. Lakini nilibonyeza, nikaongeza sauti yangu mwenyewe: "Huyu mama mimi ninamjua miaka mingi. Hata huyu! Kumbe tulimpa fisi ufunguo."

Mimi ninamjua. Neno hilo ndilo lililoliua jina lake. Bwana Mikro watu walimjua ni mtu wa kelele. Mimi walijua ni mzee wa kazi, sina muda wa uongo. Sauti yangu ilifika Uvira kabla ya lori langu.

Nilipofika, ilikuwa imekwisha. Watu walikuwa wameenda robine, wakapiga teke kigoda. Kulikuwa na waliokaa Kigoma na Nairobi, na kwenye simu ndugu zetu walioko mbali wanaandika "mwizi, mwizi" chini ya video. Na wale wasiotoka hapa kamwe, ambao neno lile la "nikauza" walilijua tangu maziwa ya mama, wao pia walipiga kelele. Maneno ya juu ya picha yalikuwa yameshawaambia wasikie nini. Mtu mmoja akachukua bidoni ya Mama mwenyewe, ile anayoikalia kigoda kikivunjika, akaipindua mdomo chini mbele yake. Hakuna aliyeuliza ya nani, aseme.

Wanasema hakulia. Alifungua fundo la kitenge, akampa shefu ufunguo, akapanda nyumbani kwake. Shefu alijua ukweli. Lakini shefu aliogopa simu thelathini zilizoelekezwa usoni kwake, akanyamaza na ufunguo mkononi.

Mimi nilikwenda nyumbani, nikaketi, nikamwambia mke wangu jinsi nilivyowafumbua watu macho. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Akaacha mchi ndani ya kinu.

"Papa, weye ni muntu wa wapi?"

"Wa hapa."

"Jana ulinituma soko. Ulisema, siyo kwa neno lako la Kigoma, kwa langu: mama aende auze sombe. Nilienda nikauza?"

"Ndiyo."

"Nilirudi na sombe ao nilirudi na makuta?"

Nikaangalia kinu. Sombe ilikuwa mle, ya kijani, imetwangwa nusu.

Nyinyi wa mbali, sikieni. Kwetu kuuza ni kununua. Kutoa kitu upewe makuta, yaani pesa, tunasema kuuzisha. Mtoto wa miaka mitatu hapa anajua. Mama wa Robine alisema yeye ndiye aliyenunua mabashi. Alisema mbele ya mikrofoni, bila aibu, na mimi niliyezaliwa kwenye neno hilo nilikwenda kuazima sikio la watu ili nimsikie vibaya.

Nikajitetea. Mzee akikosea anajitetea kwanza. Nikasema, "Na makuta ya kuuza mabashi angetoa wapi mama wa robine?"

Mke wangu akasema, "Uliza dereva yako."

Nikampigia. Mizigo midogo ya watu dereva hubeba na haniambii, na mimi hufumba jicho.

"Patro, ile mabashi? Si tulibeba siye! Tulipakia Kamanyola na Mama mwenyewe, alikaa mbele na minye. Alikuwa ameuzisha manjanja yake."

Manjanja ni mabati. Alikuwa ameyaweka miaka kwa ajili ya nyumba yake, yamepangwa nyuma ya mlango, na kila mtu aliyeingia kwake alijigonga pale. Aliyauzisha, akapanda lori langu, akauza mabashi, akarudi nayo katika lori langu. Ushahidi wote ulikuwa umekaa juu ya magurudumu yangu, na mimi nilikuwa bado natafuta mwizi.

"Mbona hukusema kwenye grupe?"

Nikasikia anazima injini. Kisha akasema, "Patro, uliposema weye unamujua, minye ni nani?"

Siku ileile nikatuma sauti nyingine. Nikasema nilikosea, nikaeleza neno. Ile ya kwanza ilikimbia na pikipiki, hii ya pili ilitembea kwa miguu, tena inachechemea. Watu waliweka kidole gumba, basi. Bwana Mikro akaifuta video yake kimya kimya, kana kwamba kufuta ni kusema pole.

Bila yeye robine iliharibika haraka. Wenye nguvu walichota, wenye mimba walingoja. Bidoni zilipinduliwa na kila mwenye mkono. Shingo ya bomba ikavunjwa katika ugomvi. Wajane wenye mabashi ya bluu ndio walioinuka, wakaenda kwa shefu na watoto mgongoni, wakakaa mlangoni kwake wanaimba nyimbo za kanisa mpaka akatoa ufunguo. Walimpelekea wenyewe.

Ufunguo ulirudi. Jina lilikuwa bado nje. Wengine walipanda kuchota mtoni ili wasichukue maji mkononi kwake. Mstarini aliyekosana naye alinung'unika, "Mabashi yangu iko wapi?" na wenzake walicheka puani.

Nikaenda kwake nyumbani kumwomba radhi. Nilivaa vizuri. Nilipeleka sukari, maana najua chai yake. Alinikaribisha kwenye kiti, nyuma ya mlango pakiwa wazi, hakuna cha kujigonga. Nikaanza maneno yangu. Akainua kiganja, kilekile cha bidoni.

"Muzee ya Fuso, ulinisema wapi?"

"Kwenye simu."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu wote."

"Na hapa tuko wangapi?"

Tulikuwa wawili na paka.

"Sukari nitabakia nayo," akasema. "Maneno, kesho, robine."

Nyumbani nina tanki. Sijachota maji tangu malori yaanze. Asubuhi nilimwomba mke wangu bidoni, akanipa ile kuukuu ya nyuma ya banda la kuku, makusudi, akacheka mpaka akaketi. Nikatembea nayo mtaani. Watu walisimama kuangalia. Nikaiweka ya mwisho, naapa. Lakini kwetu mzee mwenye malori haachwi nyuma. Mmoja akaisogeza, mwingine akaisogeza, "pita, patro, pita", na mimi, tabia haifi upesi, nikaacha wasogeze. Alipokuja na ufunguo, bidoni yangu ilikuwa ya kwanza.

Akaweka kiganja juu yake. Alijua ni ya nani. Kila mtu alijua.

"Hii bidoni ya nani? Aseme."

Nimewahi kuzungumza na wanajeshi kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, wakiwa wamelewa. Ilikuwa rahisi kuliko hii. Nikavua kofia.

Nikasema ni yangu. Nikasema haikuwa ya kwanza. Kisha nikasema na ile nyingine. Kwamba ni mimi niliyesema ninamjua, na kumbe sikumjua. Kwamba mabashi aliyauza kwa manjanja yake mwenyewe, katika lori langu, na dereva yangu yupo, aulizwe. Kwamba nilizaliwa hapa na nikamhukumu kwa lugha ya ng'ambo kwa sababu ya kujivuna. Kiswahili cha Kigoma kilinikimbia, nikajikuta nasema minye, minye, kama mtoto. "Ni minye nilikosa, Mama. Siyo weye."

Hakuna aliyecheka. Yule wa "mabashi yangu iko wapi" alikuwa anafunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa sandali.

Mama wa Robine akangoja kidogo, aone kama nimemaliza. Akaishika bidoni yangu, akaipindua mdomo chini, polepole, kazi safi. Akaonyesha kwa fimbo mwisho wa mstari.

Nikaibeba mbele ya watu wote. Na nitasema ukweli, miguu ilikuwa nyepesi. Nikakaa nyuma ya mama mmoja wa ndagala aliyenisimulia ugonjwa wa mbuzi wake wote. Jua likapanda, likanipiga upara. Watu walipita wakanisalimu, wengine wakapiga picha, nikawaacha, hiyo sasa ilikuwa picha ya kweli. Kutoka pale nilisikia jinsi walivyokuwa wanamwita tena, "Mama, Mama," na yeye akiwagombeza kama zamani.

Zamu yangu ilifika jua likiwa kichwani. Akajaza mpaka juu. Akaangalia bidoni, akaniangalia mimi.

"Haina kifuniko."

"Ilipotea, Mama."

"Iko kama mwenyewe. Mudomo wazi siku zote." Mstari ukaanguka kwa kicheko, na mimi nikaanguka nao. "Kesho ulete kifuniko, radio."

Kesho yake asubuhi nikaenda soko, nikauza kifuniko.